Nguvu za Nani?

Karani wa benki alimwambia mama yangu, kwa adabu zote, kwamba ili niwe namchukulia pensheni yake lazima tulete "hati ya nguvu ya kisheria". Mama akamtazama karani, akanigeukia mimi, akauliza: "Nguvu za nani tena, mwanangu?" Karani alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, na swali lile limenikaa moyoni tangu siku hiyo.

Nguvu, kwa Kiswahili, iko kwenye misuli. Tunasema fulani katumia nguvu pale alipoacha kutumia maneno. Mtoto akiambiwa amepewa nguvu juu ya fedha za mama yake, mama keshavunjiwa heshima kabla hajatia sahihi. Aliyelitafsiri jina la hati hiyo, power of attorney, alitazama maneno ya Kiingereza moja moja, akasahau kuwa kuna wazee watakaoyasikia.

Wengine wanasema hati ya mamlaka. Linapendeza, lakini lipasue uone ndani. Mamlaka, miliki, milki na malkia ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, na huko kwao mamlaka ni ufalme. Kutoka kuwa na mamlaka hadi kumiliki ni hatua fupi, na katika hatua hiyo koo nyingi zimefarakana: shamba la baba linaanza kwa kuangaliwa, linaishia kuwa la mwangalizi.

Msimamizi silitaki kabisa. Masikioni mwa Mtanzania neno hili linakuja na msiba: kikao cha ukoo, barua ya mahakama, mirathi. Mama yupo hai, anakunywa chai yake barazani, nasi tumekwisha kumwekea msimamizi!

Lipo uwakili, na hili ndilo linaloniuma, kwa sababu lilikuwa neno letu hasa. Mzizi wake ni kukabidhi na kutegemea. Ndiko ilikotoka tawakali, hali ya mja aliyemwachia Mungu mambo yake. Ndiko kulikotoka kumwakilisha mtu, na katika ndoa ya Kiislamu hadi leo walii aweza kumweka wakili amwozeshee binti yake, bila yeyote kudhani kwamba wakili huyo amesomea sheria. Lakini mitaani wakili amevaa joho jeusi, na wakala amekaa kwenye kibanda cha kutuma na kutoa fedha. Ukimwambia mzee atoe "hati ya uwakili", ataanza kuhesabu gharama za kesi ambayo hana. Neno halikufa, limehama nyumba. Sioni njia ya kulirudisha.

Huku tukibishana kuhusu hati, nyumba nyingi hazijawahi kuiona. Zina namba ya siri. Mama anamnong'oneza mwanawe tarakimu nne, na siri ya mmoja inakuwa ya wawili, baadaye ya nyumba nzima. Huko si kukabidhi: hakuna shahidi, hakuna tarehe, wala hakuna mpaka kati ya fedha ya dawa na fedha ya bodaboda ya kijana.

Mimi nashika neno idhini. Kwa Kiarabu mzizi wake ndio wa sikio, na ndio uliotupa adhana na mwadhini. Ndani ya idhini kuna mtu aliyeulizwa, akasikia, akajibu. Tena idhini ina mwenyewe: aliyeitoa aweza kuiondoa kesho asubuhi, na mali imebaki yake muda wote.

Idhini ya nini? Ya utunzaji. Kutunza ni kuhifadhi kitu kisiharibike, na ni kumlea mtu asipungukiwe; mali na mzazi wanaingia katika kitenzi kimoja. Wapenzi wa taarabu wanajua maana nyingine: kumtunza mwimbaji ni kumpa fedha mkononi. Basi mtunzaji mwema ni yule ambaye fedha zinapita kwake zikielekea kwa mwenyewe. Hati iitwe idhini ya utunzaji. Mtoto aitwe mtunza mali. Mzazi aitwe mwenye mali, maana ndiye.

Limebaki neno moja gumu. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, uwakala hukoma aliyeutoa anapofariki, na pia anapopoteza akili timamu. Kwa hiyo hati ya kawaida inazimika siku ileile mzee anapoihitaji zaidi. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1985 kuruhusu hati inayoendelea hata akili ya mtoaji ikififia. Kwa Kiswahili tunaiitaje? "Hati ya kudumu" inadanganya, kwani nayo inakoma kwa kifo. Na hali yenyewe ya mzee tuiiteje? "Mwendawazimu" ni tusi. Kamusi zina kupiswa, yaani kupungukiwa na akili kwa uzee. Lina ukali kidogo, lakini nalipenda umbo lake: ni la kutendwa, kana kwamba uzee ndio uliotenda na mzee hana kosa.

Jina la hati hiyo ya pili sijalipata. Nimejaribu "idhini isiyokatika", nikaliona refu, tena baridi. Wewe msomaji, ukiwa na bibi au babu ambaye bado anasikia na kujibu, keti naye, mweleze hati hiyo inafanya nini, umwulize yeye angeiitaje. Neno atakalolitoa, lilete.