Mkate Uliopita Juu ya Maji

Wasikilizaji wangu, siku moja nilikuwa nikiwafundisha vijana wanaojifunza ualimu habari za nchi za kaskazini. Mmoja wao akasimama, akaniuliza, "Bwana Mwalimu, yawezekanaje watu kuvuka ziwa kwa motokaa?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa la haki. Nalimjibu kwa kumsimulia habari za juma moja tu, tangu tarehe 17 hata tarehe 23 Novemba, mwaka 1941, katika Ziwa Ladoga, nchi ya Urusi. Habari hizo ndizo nitakazowaeleza leo.

Ladoga ni ziwa kubwa kuliko yote ya Ulaya. Eneo lake ni kilomita za mraba 17,700 hivi, yaani lapita kidogo nusu ya Ziwa Tanganyika. Upande wake wa magharibi uko mji mkubwa ambao wakati ule uliitwa Leningrad, na siku hizi umerudishiwa jina lake la kale, Saint Petersburg. Tarehe 8 Septemba 1941 majeshi ya Wajeremani yaliuteka mji mdogo wa Shlisselburg, ulio kusini mwa ziwa, na kwa kufanya hivyo yaliikata njia ya mwisho ya nchi kavu. Upande wa kaskazini walikuwako askari wa Finland. Basi mji wenye watu zaidi ya milioni mbili ukawa kama nyumba iliyofungwa milango yote, ikabakiwa na dirisha moja tu. Dirisha hilo lilikuwa ziwa.

Hapo kwanza vyombo vya majini vilileta unga. Lakini Novemba ilipoingia maji yalianza kuganda, na huo ndio wakati mgumu kuliko yote, kwa kuwa barafu ni nene mno kwa chombo, tena ni nyembamba mno kwa gari. Tena tarehe 8 ya mwezi huo Wajeremani waliutwaa mji wa Tikhvin, uliokuwa na reli ya kupelekea chakula upande wa ziwa. Unga ukazidi kupungua ghalani, na watu wakawa wakingoja baridi iongezeke. Fikirini jambo hilo: watu wasio na kuni, wasio na chakula, wanaitamani baridi kali!

Tarehe 17 Novemba kikosi kidogo cha askari kilishuka juu ya barafu toka Kokkorevo, pwani ya magharibi, kwenda Kobona, ng'ambo ya pili. Safari yenyewe ilikuwa kadiri ya kilomita 30. Walikwenda kwa miguu, wakitoboa barafu mahali mahali ili kuupima unene wake, na kila walipopaona salama walisimamisha mti uwe alama. Mafundi walikuwa na hesabu yao. Barafu ya sentimita 10 humchukua farasi na mtu aliyempanda. Iliyo nene kuliko hiyo humchukua farasi akikokota sleji, yaani gari la kuteleza lisilo na magurudumu, lenye mzigo wa tani moja. Ya sentimita 20 huchukua lori lenye mzigo wa tani moja. Asiyeijua hesabu hiyo, ziwa lilimfundisha mara moja tu.

Tarehe 20 ya mwezi yalitokea mambo mawili kwa siku moja. Mjini kipimo cha mkate kilipunguzwa tena. Mfanya kazi wa kiwandani alipewa gramu 250 kwa siku. Makarani, wazee na watoto walipewa gramu 125, yaani zaidi kidogo ya wakia nne, na mkate wenyewe haukuwa wa unga mtupu, bali ulichanganywa na mashudu na nyuzi za miti. Siku iyo hiyo, ziwani, sleji zipatazo 350 zilianza kuvuka zikikokotwa na farasi waliokondeana kwa njaa. Asubuhi ya pili zilirudi na tani 63 za unga.

Tarehe 22 ikawa zamu ya malori. Yalitoka 60, yakiongozwa na Meja Porchunov, yakarudi tarehe 23 na tani 33. Lori la namna ile huchukua tani moja na nusu, nayo yalichukua yapata nusu tani kila moja, kwa kuogopa barafu. Madereva waliendesha milango ikiwa wazi, ili barafu ikivunjika wapate kuruka nje.

Sasa na tufanye hesabu pamoja. Sitini na tatu na thelathini na tatu ni 96. Hata kwa kipimo kile cha njaa, mji ulihitaji tani 510 za unga kila siku. Basi kazi yote ya sleji na malori hayo, pamoja na hatari yake, haikutimiza hata sehemu ya tano ya chakula cha siku moja.

Kuna watu husimulia habari hizi kana kwamba njia ilifunguliwa leo na kesho watu wakashiba. Sivyo. Desemba, Januari na Februari ndiyo iliyokuwa miezi ya kufa watu wengi. Waliokufa katika mazingiwa yale wahesabiwa kupita laki sita, na wanahistoria wengi waona kuwa walikuwa zaidi ya hao. Mwalimu wa historia hana ruhusa kuwaficha wafu hao nyuma ya sifa za mashujaa.

Lakini pia si haki kusema kuwa juma lile lilikuwa bure. Katika juma lile watu walianza kujifunza tabia ya barafu, na elimu hiyo iliongezeka kila siku. Baadaye mtaalamu Naum Reynov na wenzake walitengeneza vyombo vya kupima jinsi barafu inavyobonyea lori linapopita. Ilikuwa imewashangaza watu kuona ya kuwa lori zito hupita salama, kisha lori jepesi huzama mahali pale pale. Wakavumbua ya kwamba lori huamsha wimbi katika maji yaliyo chini ya barafu. Likienda kadiri ya kilomita 35 kwa saa, mwendo wake hupatana na mwendo wa wimbi, wimbi hukua, na barafu hupasuka. Tangu hapo madereva waliwekewa sheria za mwendo na za nafasi kati ya gari na gari.

Tarehe 9 Desemba Warusi waliurudisha Tikhvin mikononi mwao. Tarehe 25 Desemba mkate uliongezwa kwa mara ya kwanza: gramu 100 kwa wafanya kazi wa viwandani, gramu 75 kwa wengine. Njia ilipofungwa tarehe 24 Aprili 1942, barafu ikiyeyuka, ilikuwa imekwisha kupitisha tani zipatazo 361,000 za mizigo. Malori yaliyoleta unga yalirudi na watu, na katika majira yale ya baridi zaidi ya watu laki tano walitolewa mjini kwa njia ile. Mazingiwa yenyewe yalikwisha kabisa tarehe 27 Januari 1944.

Nilipomaliza, yule kijana alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe walivuka kwa kupima." Nikamwambia ndivyo, tena wa kwanza kupima walikwenda kwa miguu.