SINDANO ILIYOTUKUTANISHA: Historia Fupi ya Kudarizi Kwetu Lushoto



Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma habari za hisa, mikopo na miradi. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari za sindano. Huenda wengine mtashangaa, lakini wale wa mwanzo mnajua: kabla ya sanduku letu lenye kufuli tatu, palikuwa na kopo la nyuzi. Tulianza kwa kuchangishana fedha ili mmoja wetu akishuka Tanga atununulie nyuzi za kudarizi kwa bei ya jumla. Chenji iliyorudi ndiyo iliyokuwa akiba yetu ya kwanza. Tukiadhimisha miaka kumi bila kuitaja sindano, tutakuwa tumesahau tulikotoka.

Kwanza tuelewane. Kudarizi siyo kufuma. Anayefuma hutengeneza kitambaa chenyewe kwa uzi na sindano yenye ndoano. Anayedarizi hupamba kitambaa ambacho tayari kipo. Huko pwani kazi hii ni ya siku nyingi, na wengine husema kutarizi, neno lenye asili ya Kiarabu. Anayetaka kuona ufundi wake atazame kofia ya mkono, ile ya viua ya Zanzibar au ya vito ya Lamu. Vitambaa viwili vyeupe huwekwa pamoja, mchoro huchorwa juu, kisha hushonwa mpaka viwe kitu kimoja, na vitundu vidogo huzungushiwa uzi ili visifumuke. Kofia moja huweza kuchukua miezi.

Kwetu milimani kitambaa kilipanda kutoka pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Vuga kwa Mfalme Kimweri mwaka 1848, nguo za pwani zilikuwa tayari ni mali ya biashara. Iliyojulikana sana ni marekani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichopata jina hilo kwa sababu kililetwa Zanzibar na meli za Marekani. Baadaye, reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, marobota yakawa yanashushwa chini kabisa ya mlima wetu.

Wakati huo misheni zilikuwa zimekwisha fika. Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani walifungua kituo cha Mlalo mwaka 1891, nao Wakatoliki wakajenga Gare. Katika shule za misheni za enzi za ukoloni, msichana alifundishwa kusoma, kuandika na kushika sindano. Lengo lilikuwa kumwandaa awe mke nadhifu. Kaka yake aliyefundishwa useremala au uchapaji alitoka na kazi ya mshahara. Yeye alitoka na kitambaa cha meza. Jambo hili hatulitaji kwa ajili ya kulaumu waliotufundisha, maana ufundi tuliupata. Tunalitaja kwa sababu kazi iliyofundishwa kama pambo la nyumba ilibaki bila bei kwa muda mrefu sana, na sisi wenyewe tuliendelea kuinyima bei.

Baada ya Uhuru, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yaani UWT, uliundwa mwaka 1962, na madarasa ya akina mama yalifundisha ushonaji pamoja na kusoma na usafi. Hapo ndipo bibi zetu na mama zetu wengi walipojifunza. Nani kati yetu hakulalia foronya iliyoandikwa kwa uzi "Lala Salama" au "Usiku Mwema"? Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, nguo ya pamba ya hapa nchini ikapatikana.

Kisha ikaja miaka ya shida. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vitu viliadimika madukani, na nguo ikawa ya foleni. Mama zetu hawakuacha kudarizi. Walifumua mifuko ya unga ya kitambaa, wakaifua mpaka maandishi yakafifia. Walifumua masweta yaliyochakaa wakapata nyuzi. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, nyuzi za rangi zilirudi, lakini tabia ya kutotupa hata kipande cha uzi hatujaiacha mpaka leo.

Sasa tuseme kidogo juu ya uzi wenyewe, maana vijana wanauliza. Uzi bora wa kudarizi ni wa pamba. Mwaka 1844 Mwingereza John Mercer aligundua kuwa pamba ikitiwa katika soda kali huwa imara zaidi na hushika rangi vizuri. Baadaye ikaonekana kuwa ikivutwa wakati wa kutiwa soda hupata na mng'aro. Kifungu kimoja cha uzi wa DMC, kampuni ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1746, kina urefu wa mita 8, na uzi wake umeundwa na nyuzi ndogo 6. Anayeanza hutumia zote sita kwa pamoja, ua likawa na manundu. Chambua mbili kwa majani na maandishi, tatu kwa kujaza ua. Usikate uzi mrefu kupita kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, kidogo zaidi tu, la sivyo utajisokota na kuchakaa kabla haujaisha.

Kitambaa kikazwe kwenye fremu ya duara hadi kilie kama ngoma. Popolini ya pamba ni nzuri kuliko tetroni inayoteleza. Shina lishonwe kwa mshono wa shina, maandishi kwa mshono wa mnyororo. Kitambaa cha drafti kinafaa kwa mshono wa msalaba, kwani vijumba vyake vinakuhesabia. Katika kikundi chetu wamo Waislamu na Wakristo, na wapo wanaouita mshono wa eksi. Vyovyote utakavyouita, mikono yote ya juu ielekee upande mmoja.

Lakini somo kubwa tulilipata kwa machozi. Tulipopata oda yetu ya kwanza kubwa, mashuka ya harusi, mwenzetu mmoja alipungukiwa uzi mwekundu akanunua mwingine wa bei poa. Mashuka yalipofuliwa, wekundu ukachuja na kutapakaa kwenye nyeupe yote. Mwenye harusi alikataa, na haki ilikuwa yake. Kwenye mkutano wengine walisema aliyekosea alipe peke yake. Yeye alikaa kimya tu, kibarua chake cha siku nyingi kisingetosha. Tulibishana mpaka giza likaingia. Mwishowe tukakubaliana kwamba hasara ya kazi ya kikundi ni ya kikundi, na mfuko ukalipa. Ndiyo asili ya mfuko wetu wa jamii. Na ndiyo asili ya sharti letu: uzi mpya ulowekwe kwanza, ubanwe ndani ya kitambaa cheupe. Ukiacha doa, hauingii kwenye kazi.

Tukio hilo lilitufumbua macho kwa jambo jingine. Tulipokaa kupiga hesabu ya hasara, tuliandika kitambaa, tukaandika uzi, tukaandika nauli. Mmoja wetu akauliza, "Na zile jioni zetu je, mbona hazimo?" Tukatazamana. Kumbe miaka yote tulikuwa tunauza uzi na kitambaa, mikono tukiitoa bure, kama vile tulivyofundishwa. Tangu siku hiyo kila mwanachama ana daftari la saa. Bei ilipanda, wateja wengine wakaenda, wengine wakabaki. Waliobaki ndio waliotusomeshea watoto.

Leo yapo mashuka yaliyotiwa maua kwa mashine, na bei yake sisi hatuiwezi. Hatushindani nayo. Anayekuja kwetu anataka jina la binti yake liandikwe kwa mkono wa mtu anayemfahamu. Tatizo letu kubwa ni kwamba mabinti wanaojifunza ni wachache, na macho ya walimu wetu yanachoka.

Kwa hiyo ombi letu katika sherehe hii ni moja. Kila mwanachama amfundishe mtoto mmoja, wa kike au wa kiume, mishono hiyo mitatu. Na akimaliza kumfundisha kushona, amfundishe na kuandika saa zake. Bila daftari hilo tutakuwa tumemwachia pambo tu.

 Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu kilianza na chenji ya nyuzi.