Kutoka Sauti hadi Ishara: Lugha ya Waamuzi na Somo Lake kwa Madarasa ya Bwaise

Katika kurasa hizi tumezoea kujadili ngeli, methali na mitaala. Safari hii tunanuia kuitazama lugha isiyo na ngeli hata moja, yaani lugha ya ishara za waamuzi wa michezo. Tunaichunguza kihistoria, kwa kuwa historia hiyo inagusa swali linalomhusu kila mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda: je, uamuzi usioeleweka kwa anayeamuliwa unaweza kuitwa wa haki?

Tuanze na besiboli, mchezo wa Marekani ambao si mgeni tena Uganda. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League mjini Williamsport, Marekani, na huko waliishinda timu ya Gresham, Oregon, kwa 3–2. Waamuzi wa huko hawakulazimika kujua Kiganda. Ngumi ya mkono wa kulia humwambia mchezaji kwamba ametolewa. Mikono miwili ikinyooshwa kando, yu salama.

Haikuwa hivyo tangu awali. Katika karne ya 19 mwamuzi wa besiboli alitegemea zaidi sauti yake. William Hoy, aliyezaliwa mwaka 1862 na kupoteza uwezo wa kusikia utotoni, hakuweza kuisikia. Kwa hiyo mwenzake aliyesimama karibu na kituo cha tatu alimwonyesha kwa mikono kila uamuzi uliotolewa. Hoy alicheza katika ligi kuu kuanzia mwaka 1888 hadi 1902. Wanahistoria hawakubaliani iwapo waamuzi waliiga kwake. Wengine humpa sifa hiyo Bill Klem, aliyechezesha ligi kuu tangu mwaka 1905 hadi 1941. Hata hivyo, sababu ya ishara kuenea ni bayana: watazamaji waliokaa mbali waliona mchezo bila kusikia uamuzi. Kilichomfaa kiziwi kikawafaa wote.

Kandanda nayo ilijifunza, lakini kwa uchungu. Mnamo tarehe 23 Julai 1966, uwanjani Wembley, mwamuzi Mjerumani Rudolf Kreitlein alimtoa nje nahodha wa Argentina, Antonio Rattín. Mwamuzi hakujua Kihispania, na nahodha hakujua Kijerumani. Rattín alikataa kutoka akidai mkalimani, na mchezo ukasimama kwa dakika kadhaa. Kutokana na vurugu hizo, Mwingereza Ken Aston, aliyewasimamia waamuzi wa mashindano hayo, alibuni kadi ya njano na nyekundu kwa kuiga taa za barabarani. Kadi hizo zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 nchini Mexico.

Aidha, waamuzi huzungumza wao kwa wao. Katika besiboli huonyeshana kwa vidole idadi ya waliokwisha kutolewa. Katika kandanda, kibendera kilifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kabla ya vinasa sauti vya sikioni kutumika katika Kombe la Dunia la mwaka 2006. Mwaka 1996 cheo cha mshika kibendera kilibadilishwa rasmi, naye akawa mwamuzi msaidizi. Jina jipya lilikiri kwamba anayetoa ishara naye anaamua.

Hapa ndipo tunapofika Bwaise, mtaa wa bondeni kaskazini mwa Kampala wenye watu wa lugha nyingi. Barabara inayoupitia huelekea Bombo, ambako palikuwa na makao ya kikosi cha wanajeshi wa mkoloni, King's African Rifles. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi hilo. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na raia wengi walikutana nacho vizuizini, kikitoka kinywani mwa askari mwenye bunduki. Waliijua amri kwa kuitazama bunduki, si kwa kuyaelewa maneno. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Lakini kumbukumbu haifutwi kwa sheria.

Kwa bahati nzuri, mwanafunzi wa Bwaise hahitaji kuanza na amri. Anaweza kuanza na neno *mwamuzi*. Kiganda kina *omulamuzi*, yaani hakimu, kutokana na kitenzi *okulamula*. Ni neno moja na letu. Kiswahili kimeiangusha *l*, kama kilivyofanya katika *kukua* (Kiganda *okukula*) na *kuzaa* (Kiganda *okuzaala*). Hata refa wetu na *ddiifiri* wa Waganda wametokana na neno moja la Kiingereza. Tena, kuamua kwa asili ni kuwatenganisha wanaogombana, si kuwaamrisha.

Hivyo basi, tunawapendekezea walimu zoezi jepesi. Wanafunzi wacheze, mmoja awe mwamuzi na wawili wasaidizi. Kila kipenga kinapolia, mwamuzi aonyeshe ishara, aitamke kwa sentensi kamili, kisha ataje sababu: "Ameotea, kwa sababu alimtangulia beki wa mwisho." Anayepinga apinge kwa Kiswahili vilevile. Ishara itamfikisha mwanafunzi kwenye maana, na sababu itampa haki ya kujibu. Haki hiyo ndiyo iliyokosekana vizuizini.