Nani Alitangulia? Historia ya Mashine za Gemu Ikipimwa Kutoka Shinyanga na Geita

Historia ya mashine za gemu huandikwa mara nyingi kama orodha ya waliotangulia: nani alitumia kaseti kwanza, nani aliweka kijiti cha kuongozea kwanza, nani aliunganisha mashine na laini ya simu kabla ya wengine. Orodha hizo zina faida, kwa kuwa zinawapa wahandisi haki yao. Upungufu wake ni kwamba zinahesabu siku mashine ilipoingia dukani Marekani au Japani, na hesabu inaishia hapo. Makala haya yanatetea kipimo kingine: kipengele cha mashine kinastahili heshima ya kuanzisha jambo pale kinapoondoa kikwazo kilichowazuia watu kucheza. Vikwazo hivyo huonekana vizuri zaidi kutoka mahali vilipokuwa vingi, na ukanda wa Shinyanga, Kahama na Geita nchini Tanzania ni mahali pa aina hiyo.

Ukanda huu haukuwa mgeni wa mitambo. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson, na dhahabu ya Geita ilichimbwa kwa mashine tangu enzi za ukoloni hadi mgodi ule ulipofungwa mwaka 1966. Kilichokosekana ni mazingira ya mashine ya starehe. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kwa hiyo mashine ya kwanza ya gemu ya nyumbani ilipouzwa Marekani mwaka 1972, ilibaki angalau miaka 22 kabla ya familia ya Shinyanga kupata sababu ya kawaida ya kununua runinga. Umeme nao ulikuwa na mipaka yake. Mgodi mpya wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000 ulitegemea mitambo yake wenyewe ya dizeli. Ikiwa kampuni kubwa ililazimika kuja na umeme wake, hali ya makazi ya wachimbaji wadogo yaliyouzunguka si vigumu kuikisia. Gemu ilipoenea katika miji hii, kama ilivyoenea kwingineko nchini, vijana wengi waliikuta bandani: mashine moja, runinga moja, pedi mbili, na malipo kwa kila mechi.

Tuanze na mashine hiyo ya 1972, Magnavox Odyssey, iliyotokana na kazi ya Ralph Baer. Haikuwa na sauti, na picha zake zilikuwa nukta chache zilizohitaji karatasi angavu ya plastiki kubandikwa juu ya kioo cha runinga ili mchezaji aone uwanja. Ilikuwa na kadi za kuchomeka, ndiyo maana baadhi ya waandishi huipa sifa ya kaseti. Lakini kadi zile hazikubeba gemu yoyote. Zilibadilisha tu njia za umeme ndani ya mashine, na michezo yote ilikuwa tayari imo humo. Aliyetenganisha kweli gemu na mashine ni Fairchild Channel F ya mwaka 1976, iliyotumia prosesa na kaseti zenye programu ndani yake. Kazi hiyo iliongozwa na Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi. Channel F ilishindwa sokoni na Atari 2600 iliyotoka mwaka uliofuata, ila kikwazo ilichokiondoa ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote: tangu hapo aliyechoka na gemu moja hakulazimika kununua mashine nyingine. Bila mgawanyo huo biashara ya banda isingewezekana, kwa sababu mwenye banda huishi kwa kubadilisha michezo huku mtaji wake ukiwa umefungwa kwenye mashine moja.

Upande wa kuongoza mchezo, kitufe cha msalaba kilibuniwa na Gunpei Yokoi wa Nintendo kwa ajili ya Donkey Kong ya Game & Watch mwaka 1982, kisha kikawekwa kwenye Famicom mwaka 1983. Kipengele hiki ni kidogo kwa umbo, lakini kilichukua nafasi ya vijiti virefu ambavyo vilichakaa na kuvunjika mapema. Kilikuwa rahisi kutengeneza pia, na viwanda vya Asia vilivyomwaga sokoni nakala za bei nafuu za Famicom vilikiiga bila shida. Nakala hizo ndizo zilizozifikia nchi nyingi maskini ambako Nintendo yenyewe haikuwa na duka. Mwaka huohuo wa 1982 Vectrex ilitoka ikiwa na kioo chake yenyewe ndani ya kasha na kijiti kinachopima kiasi cha msukumo wa kidole. Kwa mtu asiye na runinga, wazo la mashine yenye kioo chake lilikuwa jibu kamili. Hata hivyo kioo kile cha michoro ya mistari kilikuwa ghali, na Vectrex ikaondoka sokoni mwaka 1984. Kijiti chake kilirudi kwa nguvu kwenye Nintendo 64 mwaka 1996, kisha kwenye pedi ya DualShock ya PlayStation mwaka 1997, na ndiyo pedi ambayo umbo lake limezoeleka katika mabanda yetu hadi leo.

Kikwazo cha umeme kina historia ya kushangaza. Odyssey ilitumia betri, lakini bado ilihitaji runinga. Microvision ya mwaka 1979 ndiyo mashine ya kwanza ya mkononi yenye kaseti za kubadilisha. Miaka kumi baadaye Game Boy na Atari Lynx zilitoka mwaka mmoja. Orodha za waliotangulia huipa Lynx taji, kwa kuwa ilikuwa na kioo cha rangi chenye taa, wakati kioo cha Game Boy kilikuwa cha kijanikijani na bila taa. Ila Lynx ilikula betri sita kwa muda wa saa nne au tano, na Game Boy ilikwenda zaidi ya saa kumi kwa betri nne. Yokoi, ambaye alihusika pia na Game Boy, alichagua kwa makusudi vifaa vilivyokwisha kuzoeleka na kushuka bei badala ya vipya. Ukilipima jambo hili kwenye kijiji cha wachimbaji kando ya Kahama, ambako betri hununuliwa moja moja dukani, aliyevumbua rangi alileta anasa na aliyebana matumizi ya betri alileta mchezo. Vifaa vidogo vya matofali yanayoanguka, vilivyotoka Asia na kuuzwa sokoni kwa bei ya chini, vilifuata njia hiyohiyo ya Yokoi.

Tukija kwenye kumbukumbu na diski, hoja inazidi kupata nguvu. Neo Geo ya mwaka 1990 ilikuwa na kadi ya kumbukumbu inayochomolewa, lakini bei yake iliiweka mikononi mwa wachache. PC Engine ilipata kifaa cha kusoma diski mwishoni mwa mwaka 1988, nacho kikabaki nyongeza ya gharama. PlayStation ya Desemba 1994 iliviweka vyote viwili katika mashine ya watu wengi. Kadi ilimaanisha kwamba rekodi ya mchezaji si lazima ilale ndani ya mashine ya mtu mwingine, na hilo lina uzito pale mchezaji na mwenye mashine ni watu tofauti. Diski nayo ilikuwa rahisi kuizalisha kuliko kaseti. Kufuli la PlayStation la kuzuia nakala lilivunjwa kwa kuongeza chipu ndogo ndani, na diski za kunakili zikasambaa duniani kote. Ulikuwa wizi wa haki za wabunifu, na makala haya hayautetei. Lakini mwanahistoria anayeuficha hataweza kueleza gemu zilifikaje mahali ambapo hapakuwa na duka hata moja la kampuni husika. Kisha PlayStation 2 ya mwaka 2000 ikasoma DVD za filamu na pia diski na kadi za mashine iliyoitangulia. Kusoma gemu za zamani hakukuwa kugeni, kwani Atari 7800 ilifanya hivyo mwaka 1986. Kikubwa kilikuwa kuunganisha gemu na filamu katika kasha moja, jambo lenye faida dhahiri kwa mwenye banda ambaye mchana anatoza mechi na jioni anaonyesha filamu.

Mfano wa kinyume ni Dreamcast ya Sega. Mwaka 1998 ilitoka ikiwa na modemu ndani yake, na kwa sababu hiyo hutajwa karibu katika kila orodha. Modemu hiyo ilihitaji laini ya simu ya mezani na kampuni ya intaneti ya kupiga simu, vitu viwili ambavyo kaya za Shinyanga hazikuwa navyo isipokuwa chache sana. Sega iliacha kuitengeneza Dreamcast mwaka 2001, mwaka uleule mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, karibu na Kahama, ulipofunguliwa. Kucheza na mtu wa mbali kulifika katika ukanda huu baadaye sana, kupitia simu za mkononi, bila kupita kwenye mashine ya gemu.

Kuna watakaosema kwamba tarehe ni tarehe, na aliyetangulia ametangulia hata kama hakuna aliyemfuata. Ni kweli, na hakuna anayeinyang'anya Dreamcast mwaka wake. Lakini mfano wa Odyssey na Channel F unaonyesha kwamba tarehe peke yake haijibu swali, kwa sababu ni lazima kwanza tuulize kadi ile ilifanya kazi gani. Wengine watasema kipimo hiki kinawapendelea matajiri waliouza sana. Sivyo: Channel F iliuza kidogo na imefaulu, Dreamcast iliuza mamilioni na modemu yake haikufaulu hapa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wahandisi wale hawakuwahi kuifikiria Shinyanga, hivyo si haki kuwapima kwayo. Jibu ni kwamba historia ya vyombo hupima matokeo yake pamoja na nia ya watengenezaji. Tena ukanda huu haukuwa nje kabisa ya vyombo hivyo. Meno ya kugusanisha umeme kwenye vifaa vya elektroniki hupakwa dhahabu kwa kuwa haishiki kutu, na mwaka 2000, mahitaji ya simu, kompyuta na mashine za gemu yalipochangia kupandisha bei ya koltani, madini yanayotumika katika vifaa hivyo, machungu yake yalionekana Kivu, mashariki mwa Kongo, jirani yetu wa magharibi. Nchi inayotoa madini ya vyombo ina haki ya kusema ni kipi kati ya vyombo hivyo kilimfaa mtu wake.

Kwa kipimo hiki, heshima ya kwanza iende kwa Lawson na kaseti yake, ya pili kwa Yokoi na uchaguzi wake wa kitufe na betri, na ya tatu kwa PlayStation zilizokusanya mawazo ya wengine zikayafanya yatumike bandani. Hukumu hii inaweza kupingwa, lakini ushahidi wa kuipinga au kuithibitisha unatoweka. Mashine za zamani zinavunjwa kwa vipuri, na mafundi waliozitengeneza kwa kuhamisha chipu kutoka moja hadi nyingine wanazeeka. Vyuo, makumbusho na waandishi wa Kanda ya Ziwa wakusanye mapema: mashine ilikuwa ya aina gani, ilifika mwaka gani na kwa njia ipi, iliendeshwa kwa umeme gani, na mechi ililipiwa kiasi gani. Mwenye pedi kuukuu nyumbani asiitupe kabla ya kuandika habari zake.