Kambale huku, Bwambale kule: historia ya majina ya watoto wetu wanaovuka mpaka

Kwa Wanande wa Beni, Butembo na Lubero, jina la kwanza la mtoto halichaguliwi, linahesabiwa. Kijana wa kwanza ni Paluku ao Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Binti wa kwanza ni Masika, kisha wanakuja wakina Kavira, Kavugho na Katungu, kila mmoja kwa nafasi yake. Ukisikia mtu anaitwa Kakule, umekwisha kujua bila kuuliza kwamba yuko na wakubwa wake wanaume watatu.

Jina hilo linasema mtoto anakaa wapi kati ya ndugu zake. Halisemi baba yake ni nani. Ndiyo maana mzee Kasereka anaweza kuzaa Paluku, Kambale na Masika, na hakuna hata mmoja anayebeba jina lake. Hapa kwetu hakuna anayeshangaa. Padri anajua, mwalimu anajua, jirani anajua.

Shida inaanza pale jamaa inapovuka mpaka. Tangu mauaji ya Beni yalipoanza katika mwezi wa 10 mwaka wa 2014, watu wengi wamekimbilia Uganda, na wengine wamepelekwa mbali zaidi, Marekani, Kanada na Ulaya. Huko wanaulizwa swali ambalo babu zetu hawakulijua: «Jina la jamaa yenu ni lipi?» Wasikilizaji wengi wametuomba tueleze jambo hili. Ili kulielewa, inafaa turudi nyuma, kwa sababu hii si mara ya kwanza karatasi ya serikali kugusa majina ya watoto wetu.

Mpaka wa 1910

Wanande wenyewe wanajiita Wayira. Ng'ambo ya mlima Ruwenzori, upande wa Kasese na Bundibugyo, wako ndugu zao Wakonzo. Lugha ni karibu moja na desturi ni moja. Mwaka wa 1910, Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani walikutana Brussels na kukubaliana juu ya mipaka ya eneo hili. Mstari ukapita juu ya Ruwenzori na karibu na Semliki. Hakuna Muyira aliyeulizwa.

Tangu siku ile, jina moja likaanza kuandikwa kwa namna mbili. Huku tunaandika Paluku, kule wanaandika Baluku. Kambale wetu ni Bwambale wao. Kasereka ni Masereka, Kakule ni Kule, Katembo ni Thembo. Kwa mabinti, Kavira ni Biira, Kavugho ni Kabugho, Katungu ni Ithungu. Masika na Mbusa wamebaki vilevile pande zote mbili. Mchuuzi wa Butembo akishuka Kasindi na kuvuka kwenda Mpondwe siku ya soko, akimkuta Bwambale anajua mara moja kwamba huyu ni mtoto wa pili kati ya vijana, kama Kambale wa nyumbani. Mpaka ulibadilisha herufi, haukubadilisha hesabu.

Lakini kule Uganda majina hayo yaligharimu. Wakoloni waliwaweka Wakonzo chini ya ufalme wa Tooro. Lugha yao haikupewa nafasi shuleni, na kuna waliojificha nyuma ya majina ya Kitooro ili watoto wao wapate masomo na kazi. Hayo ni kati ya malalamiko yaliyozaa mwendo wa Rwenzururu, ambao Isaya Mukirane aliuongoza tangu mwaka wa 1962. Mwana wake, Charles Wesley Mumbere, alirithi kiti akiwa bado kijana. Mwaka wa 1984 alikwenda Marekani, akakaa huko miaka mingi akifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa na wazee, na wengi waliokuwa naye hawakujua yeye ni nani. Mwaka wa 2009 serikali ya Uganda iliutambua ufalme wake, naye akarudi. Kwa Wamarekani, Mumbere lilikuwa jina la jamaa kama mengine. Kwa Wakonzo na Wanande, lilikuwa linasema habari ya kuzaliwa kwake.

Maji ya ubatizo na amri ya Mobutu

Huku kwetu, badiliko la kwanza lililetwa na misioni. Mtoto alipobatizwa alipewa jina la mtakatifu: Pierre, Joseph, Marie, Emmanuel. Jina la nyumbani halikufa, lakini lilisukumwa nyuma. Katika kitabu cha paroki na katika kazi za Wabelgiji, jina la Kizungu ndilo lililotangulia.

Kisha akaja Mobutu. Mwezi wa 10 mwaka wa 1971 inchi iliitwa Zaire. Mwanzoni mwa mwaka wa 1972 Raisi mwenyewe aliacha jina la Joseph-Désiré na kujiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Raia wote walipaswa kufuata. Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga siasa ile, alilazimika kwenda Roma mwaka ule wa 1972 kabla ya kuruhusiwa kurudi. Sheria ya mwaka wa 1973 juu ya majina, na nyuma yake Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka wa 1987, zikaweka kanuni kwamba jina la mtu litolewe katika utamaduni wa inchi. Kanuni hiyo iko mpaka leo.

Watu wengi wanakumbuka tu kwamba majina ya ubatizo yalikatazwa. Kuna jambo lingine lililobaki kuliko hilo. Wakati Pierre Kambale alipokatazwa kujiita Pierre, alibaki na Kambale peke yake, na Kambale walikuwa maelfu. Ilibidi atafute jina la pili. Wengi walichukua jina la babu, la nyanya ao la mzee wa ukoo. Ndivyo tulivyozoea postinomu. Nyuma ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka wa 1990 majina ya ubatizo yalirudi hadharani, lakini postinomu haikuondoka. Leo Wakongomani wengi wako na majina matatu: jina, postinomu, na jina la ubatizo. Ni Mobutu aliyetuachia muundo huo, na ndio tunaobeba kwenda nao ng'ambo.

Karatasi za ng'ambo

Huko Ulaya na Marekani karatasi nyingi zinataka hasa mambo mawili: jina la mtu na jina la jamaa. Majina yetu matatu hayaingii vizuri. Mara nyingi mambo yanakwenda kwa njia moja kati ya hizi mbili.

Njia ya kwanza: kila mtoto anaandikwa kama alivyo kwenye karatasi za Kongo. Kwa hiyo mzee Kasereka anafika na Paluku, Kambale na Masika, na mtu wa ofisi anaona majina manne ya jamaa ndani ya nyumba moja. Anauliza kama kweli hawa ni watoto wa baba mmoja. Swali hilo si la mchezo. Mwaka wa 2008 Marekani ilisimamisha mpango mmoja wa kuunganisha jamaa za wakimbizi, kwa sababu vipimo vya ADN vilivyofanywa Nairobi havikulingana na maelezo ya watu wengi waliopimwa. Mpango ulipofunguliwa tena mwaka wa 2012, vipimo hivyo vikawa lazima. Kulikuwa na udanganyifu, ni kweli. Lakini mtu ambaye majina ya watoto wake hayafanani anaanza safari akiwa anashukiwa, hata kama hakudanganya.

Njia ya pili: ofisi, ao baba mwenyewe kwa kutafuta amani, inawapa watoto wote jina la baba. Sasa binti Masika anakuwa Grace Kasereka. Kwa Mzungu ni sawa kabisa. Lakini akipiga simu kwa nyanya yake Lubero na kutaja jina lake, mzee anasikia kwamba mjukuu wake wa kike anaitwa «kijana wa tatu». Na siku Grace atakapokuwa na kaka yake aliyezaliwa wa kwanza, naye ataitwa Kasereka. Sauti ya jina imebaki, hesabu imekufa.

Je, hiyo ni dhambi? Hapana. Hata hapa Butembo kuna wazazi wanaowapa watoto wote jina moja la baba, na hakuna aliyewalazimisha. Jina limegeuka mara nyingi na litageuka tena. Jambo la kuogopa ni lingine: mtoto anakua akiwa na jina ambalo hakuna aliyemweleza maana yake. Siku wenzake wa shule watakapolichekea, hatakuwa na jibu, na ataona kulificha ni rahisi kuliko kulibeba.

Wazazi wafanye nini

Kwanza, tuandikishe watoto. Sheria yetu inatoa siku 90 tangu kuzaliwa, na ndani ya siku hizo ofisi ya komini ao ya sekta inapaswa kumwandika mtoto bila malipo. Aliyekimbia bila karatasi ya kuzaliwa, jina la mtoto wake litaamuliwa na mtu asiyemjua.

Pili, tutumie vizuri nafasi ya postinomu. Hakuna kinachomkataza mzazi kuwapa watoto wote postinomu moja, kwa mfano jina la babu. Paluku, Kambale na Masika watabaki na hesabu yao, na wote watakuwa na jina moja linaloonyesha kwamba ni ndugu. Huko ng'ambo, mzazi anaweza kuomba jina hilo la pili ndilo liandikwe kama jina la jamaa. Ofisi nyingine zitakubali, nyingine zitakataa, lakini afazali kuuliza kabla karatasi haijatiwa muhuri, kwa maana kusahihisha jina nyuma yake ni kazi ya miaka na makuta.

Tatu, na hili halina ofisi: tuwaeleze. Kwa Ubelgiji, tangu mwaka wa 2014, sheria inawaruhusu wazazi kuchagua jina la baba, la mama, ao yote mawili. Wazungu wenyewe wanabadilisha desturi yao. Kwa hiyo mtoto wetu asione haya kwamba desturi yake ni ya namna nyingine. Aambiwe kwamba Kambale maana yake kuna mmoja aliyemtangulia, na kwamba huyo aliyemtangulia ni wa kumheshimu na wa kumtegemea. Aambiwe pia kwamba akikutana na Bwambale huko Toronto ao Kampala, amekutana na ndugu wa nafasi yake.

Hesabu ya majina yetu ilivuka Semliki kabla ya kuwa na mpaka, ikapita kwenye ubatizo, ikapita kwenye Zaire. Kila mara serikali iliandika inavyotaka, na kila mara ni wazazi, jioni nyumbani, walioendelea kuhesabu watoto wao kwa majina. Kazi hiyo haihitaji viza.