Siku 100 Bila Daktari

Mgomo wa madaktari ulianza Desemba 5, 2016, na siku hiyohiyo wagonjwa wakatoroka Hospitali ya Mathari. Wahudumu hawakuwepo, nani angewazuia? Kwa siku 100 zilizofuata, mama aliyeshikwa na uchungu usiku bila pesa za hospitali ya kibinafsi alijijua na Mungu wake.

Watu husema ulikuwa mgomo wa mshahara. Mimi naanzia kwingine, kwa jinsi madaktari walivyokuwa wakiongozwa. Juni 2013 serikali ilitia saini mkataba na chama chao, KMPDU. Mshahara ulikuwemo, ndiyo, lakini pia kuajiri madaktari zaidi na pesa za masomo na utafiti. Mwaka huohuo afya ikagatuliwa kwa kaunti 47. Ghafla daktari akawa na mabosi wawili, kila mmoja akimwelekeza kwa mwenzake. Uliza kwa nini mshahara umechelewa: Nairobi inasema muulize gavana, gavana anasema pesa hazijatoka Nairobi. Na ule mkataba? Eti haukusajiliwa kortini, kwa hivyo haumfungi mtu.

Anayefanya kazi chini ya uongozi kama huo haachi kazi siku moja. Anaiacha polepole. Anaacha kuripoti mashine iliyoharibika, kwani ripoti ya mwisho haikusomwa. Anakimbilia kliniki ya jioni. Anatafuta kazi ng'ambo. Mgomo ni ile siku tu ambapo sisi wengine tunagundua.

Jibu la serikali lilikuwa amri: rudini kazini au mfutwe. Februari 13, 2017, korti ikawafunga viongozi 7 wa chama mwezi mmoja kwa kukaidi agizo la kusitisha mgomo. Kama kuna aliyedhani woga ungejaza wodi, alikosea. Hata madaktari wa hospitali za kibinafsi waligoma kwa muda kuwaunga mkono. Siku 2 baadaye Mahakama ya Rufaa ikawaachilia ili wakazungumze, na Machi 14, viongozi wa dini wakisaidia kupatanisha, makubaliano ya kurudi kazini yakatiwa saini. Hesabu mwenyewe: siku 70 za vitisho na mazungumzo ya shingo upande, kisha siku 27 za kukaa mezani kwa kweli.

Sisemi madaktari ni malaika. Walioumia zaidi hawakuwa mawaziri wala magavana, na pande zote mbili zilijua hivyo tangu siku ya kwanza.

Machi 2024 mgomo ukarudi, siku 56, safari hii kuhusu malipo ya madaktari wanagenzi na madeni ya mkataba wa 2017. Mwaka uliofuata Ouma Oluga, aliyekuwa katibu mkuu wa chama na mmoja wa wale 7 waliofungwa, aliteuliwa Katibu katika Wizara ya Afya. Siku hizi barua za madai zinaandikwa kwake.