Orodha Inayojizungusha: Kutoka Ukurya hadi Kwenye Skrini

Kabla msanifu yeyote hajachora ukuta kwa kuunganisha visanduku kwa nyaya kwenye skrini, vijiji vya kati ya Serengeti na Tarime, hadi ng'ambo ya mpaka wa Kenya, vilikuwa na orodha iliyojiendesha yenyewe. Wakurya wanaiita amakora, yaani vizazi. Majina ni manane, pande mbili, Saai na Chuuma, kila upande manne. Mtu hachagui, huzaliwa ndani ya jina linalofuata la baba yake. Baba akiwa wa kwanza, mwana ni wa pili, mjukuu wa tatu, kitukuu wa nne, na kilembwe anarudi kwenye lile la kwanza.

Umri hauna kauli hapo. Mzee akizaa uzeeni, kitinda mimba wake huweza kuwa kizazi cha juu kuliko wanaume wenye mvi. Mwanaanthropolojia Malcolm Ruel aliueleza mpango huu kwa kina mwaka 1962. Afisa wa kikoloni Hollis naye, katika kitabu chake cha 1909 kuhusu Wanandi, alikuta marika yanayozunguka vivyo hivyo, yenye majina kama Maina, Chumo na Sawe. Haya si mambo ya kijiji kimoja.

Ulaya ilifikia orodha ya namna hiyo kwa njia ya nguo. Mwaka 1804 mfumaji Jacquard wa Lyon alifunga kadi zenye matundu kwa mnyororo kwenye mtambo wake wa kufuma. Kadi ya mwisho ikipita, ya kwanza inarudi na ua linaanza upya. Mwaka 1960 John McCarthy alichapisha Lisp, lugha ya kompyuta iliyojengwa juu ya orodha. Miaka mitatu baadaye Ivan Sutherland alichora kwa kalamu ya mwanga kwenye kioo cha mashine. Mwaka 2007 David Rutten akatoa programu ambayo leo inaitwa Grasshopper, ile ya visanduku na nyaya, na wasanifu wasiojua kuandika msimbo wakapata pa kuanzia.

Chukua ukuta wa matofali wenye upenyo wa hewa. Mstari wa kwanza unapewa mpangilio: weka, weka, ruka. Mstari wa pili ni orodha ileile iliyosogezwa hatua moja. Ukiruhusu izunguke, kinachotoka upande mmoja kinaingia upande wa pili. Ukikataza, kinapotea, na ukuta unabaki na pengo pembeni. Wanafunzi wengi hujikwaa hapo.

Taabu zaidi huja orodha mbili zisipolingana urefu. Kwa kawaida Grasshopper hurudia kipande cha mwisho cha ile fupi mpaka nyingine iishe, bila kumwuliza mtu. Wakurya, vizazi visipolingana na umri, hawanyooshi chochote: wana orodha ya pili, esaro, ya waliotahiriwa pamoja, na kila mtu ana nafasi katika zote mbili.